Hasira Iliyoingia Sandukuni

Wengi wanaomjua Faith Ringgold, mchoraji mweusi wa Marekani, huku kwetu, na si wengi, wanamjua kwa kitabu kimoja cha watoto: kile cha msichana mweusi wa miaka minane anayepaa usiku juu ya jiji la New York, mikono kaitandaza kama anaogelea hewani. Mimi pia nilianzia hapo. Nilikikuta kwenye rafu ya vitabu vya msaada, jalada limechanika, ndani kimegongwa muhuri wa shule fulani ya Marekani. Wakati huo ndiyo kwanza nimeanza kuchora vitabu vya shule kwa malipo, nikakichukua kwa sababu ya rangi tu. Nilitaka kuona mtu anauchoraje usiku bila kuutia giza.

Baadaye ndipo nikajua kwamba kitabu kile, *Tar Beach*, kilitoka mwaka 1991 mwenyewe akiwa na umri wa miaka 60 hivi. Kabla ya hapo alikuwa ameshachora damu, ameshaingia makumbusho na mayai mkononi, ameshakamatwa na polisi kwa ajili ya bendera, na ameshafundisha katika shule za serikali za New York kuanzia 1955 hadi 1973. Kitabu cha watoto kilikuja mwishomwisho, baada ya vita vyote hivyo, na vita vimo humo ndani ukisoma vizuri.

Alifariki tarehe 13 Aprili 2024 huko Englewood, New Jersey, akiwa na miaka 93. Tanzia nyingi nilizosoma zilisifu ndoto zake na ule upaaji wake. Sina ugomvi na hilo. Ila mimi ninayekula kwa kalamu na brashi, nikimfuatilia naona kingine: mwanamke huyu alikuwa mtu wa mahesabu. Kila alipofungiwa mlango alijiuliza maswali ambayo hata dalali wa mizigo angejiuliza. Kitu hiki kina uzito gani? Atakibeba nani? Kitapita mlango upi? Na majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyobadilisha sura ya sanaa yake mara baada ya mara. Hasira ilibaki ileile.

Alizaliwa Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, tarehe 8 Oktoba 1930, jina lake Faith Willi Jones, kitindamimba wa watoto watatu. Baba yake aliendesha gari la taka la jiji. Mama yake, Willi Posey, alikuwa fundi wa nguo, baadaye akawa mbunifu wa mitindo mwenye maonyesho yake mwenyewe hapohapo Harlem. Mtoto alikuwa na pumu. Siku nyingi za shule zilimpita kitandani, akichezea kalamu za rangi na vipande vilivyobaki kwenye kazi za mama yake.

Nimelelewa nyumba ya fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Vipande hivyo navijua. Haviachwi ovyo, vina fuko lake chini ya meza, na ole wako ukute umekata kimoja kumtengenezea mwanasesere nguo bila ruhusa. Satini iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi inatunzwa miaka, kwa kuwa iko siku mtu ataleta nguo iliyotatuka kwapani na rangi itakuwa ileile. Mtoto anayekulia kwenye fuko hilo anajifunza mapema kwamba kitambaa hakiishi kazi.

Kwa akina Ringgold ushonaji ulikuwa na historia nzito kuliko ya nyumbani kwetu. Mmoja wa mabibi zake wa kale, Susie Shannon, alikuwa mtumwa, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuwashonea mabwana blanketi za viraka. Blanketi hizo, kwa asiyezijua, ni tabaka tatu: kitambaa juu, kitambaa chini, katikati pamba, kisha mshono unapita kotekote ili pamba isikimbilie pembeni. Viraka vya juu hupangwa kwa ramani, kila kimoja na mahali pake. Ufundi huo ulishuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti mpaka ukamfikia Willi Posey, na Willi Posey akamfundisha mwanawe.

Binti akataka kusoma sanaa City College ya New York. Akaambiwa masomo yale ni ya wanaume. Mwanamke njia yake ni ualimu. Basi akachukua ualimu wa sanaa, akapata shahada ya kwanza mwaka 1955 na ya pili mwaka 1959. Kabla ya kufika hapo alishaolewa na mpiga piano wa jazi, alishazaa mabinti wawili ndani ya mwaka mmoja, 1952, wa kwanza Januari na wa pili Desemba, na ndoa ilishavunjika kwa sababu ya heroini. Asubuhi anafundisha, usiku anachora. Hii ratiba dada zangu wengi wanaijua bila kuelezwa.

Mwanzoni alichora kama alivyofundishwa, maua na mandhari kwa mtindo wa Wafaransa. Akazipeleka picha hizo kwa mama mmoja mwenye jumba la maonyesho mjini New York, na yule mama akamwambia hawezi kufanya vile. Ringgold ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyorudi akilitafakari jambo hilo pamoja na mume wake wa pili, Burdette. Wangeweza kulichukua kama tusi wakalala nalo. Wao wakalipa maana nyingine: nchi inaungua, wewe mweusi unachora majani? Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndipo akaanza mfululizo wa picha 20 alioupa jina la *American People*, kazi iliyochukua kuanzia 1963 hadi 1967.

Ya ishirini inaitwa *Die*. Ina upana wa zaidi ya mita tatu na nusu, na kimo karibu mita mbili. Weusi kwa weupe wamevaa vizuri, suti na magauni ya ofisini, wanauana. Kuna kisu, kuna bastola, damu imeruka hadi kwenye mraba wa kijivu nyuma yao. Hujui nani kaanza. Katikati pale chini watoto wawili, msichana mweusi na mvulana mweupe, wamekumbatiana kwa hofu. Kila mtu aliyevaa viatu vya heshima yumo kwenye vurugu. Mwaka ule wa 1967 miji ya Newark na Detroit ilikuwa imewaka moto kwa ghasia za ubaguzi wa rangi. Picha ilionyeshwa mwaka uleule, na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York, MoMA, iliinunua mwaka 2016. Miaka 49! Mwaka 2019 waliitundika chumba kimoja na picha ya Picasso, na wageni wakapiga nayo selfi.

Sasa njoo kwenye mayai. Mwaka 1970 yeye na wenzake, wakiwemo Lucy Lippard na Poppy Johnson, waliikabili makumbusho ya sanaa ya Whitney, hapohapo New York, kuhusu maonyesho yake ya mwaka, ambayo wanawake walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Walidai nusu. Walipuliza filimbi ndani ya kumbi na kuacha mayai sakafuni, mengine mabichi, mengine yamechemshwa, yameandikwa asilimia 50. Nusu hawakuipata. Lakini mwaka ule Betye Saar na Barbara Chase-Riboud waliingia, wanawake weusi, jambo ambalo makumbusho ile haikuwa imelifanya. Ningependa sana kuuona uso wa mlinzi anayeinama kuokota yai asijue ni la aina gani.

Novemba ya mwaka huohuo yeye na wenzake wawili, Jon Hendricks na Jean Toche, waliandaa maonyesho ya bendera katika kanisa la Judson. Lengo lilikuwa kupinga sheria ya kumshtaki mtu kwa namna anavyoitumia bendera ya Marekani katika sanaa yake. Wakakamatwa. Kila mmoja akatozwa faini ya dola 100.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha gerezani. Alipata fedha za kuchora picha moja kwa ajili ya mahali pa umma, akachagua gereza la wanawake katika Rikers, kisiwa cha magereza cha New York. Kabla ya kugusa rangi alikwenda kuwauliza wafungwa wenyewe wanataka kuona nini ukutani. Mmoja akamwambia anataka kuona barabara ndefu inayotoka pale ndani. Nimekaa vikao vingi vya vitabu vya elimu ambapo watu wazima sita wanabishana kuhusu anachotaka mtoto wa darasa la pili na mtoto mwenyewe hayumo chumbani, kwa hiyo hapa nasimama nampigia makofi.

Alichowachorea, mwaka 1971, ni mraba wa kama mita mbili na nusu kila upande, umegawanywa pembetatu nane. Mgawanyo huo aliutoa kwa Wabakuba wa Kongo, kwenye nguo zao za ukili wa mwale. Ndani ya kila pembetatu kuna wanawake kazini: daktari, polisi, mchezaji wa mpira wa kikapu, rais, dereva wa basi. Hakuna mwanamume hata mmoja. Leo dereva wa basi mwanamke hamshangazi mtu. Wakati ule New York dereva wa namna hiyo alikuwa habari ya kuchora, sawa na rais.

Mwaka 1988 jengo likageuzwa la wanaume, na mtu akaipaka picha ile rangi nyeupe. Ikaokolewa kwa sababu askari magereza mmoja alijua ni kitu cha thamani, ikasafishwa, ikarudishwa kwa wanawake katika jengo jingine la Rikers, na baadaye ikahamishiwa makumbusho ya Brooklyn. Hapo nina moyo mara mbili. Makumbusho itaitunza, ni kweli. Lakini ilichorwa kwa ajili ya watu walionyimwa dirisha, na hao hawaendi Brooklyn Jumapili.

Hesabu ya mizigo iliingia mwaka 1972. Akiwa Amsterdam, katika makumbusho ya Rijksmuseum, aliona picha za Kitibeti zilizochorwa kwenye kitambaa na kuzungushiwa pindo za vitambaa vya hariri. Hazina fremu. Zinakunjwa kama mkeka. Fikiria sasa yeye mwenye picha za mita tatu, ambazo kila zikitoka nyumbani zinataka masanduku ya mbao, lori na wanaume wa kubeba. Aliporudi akamwomba mama yake amshonee pindo. Kuanzia hapo alichora kwenye kanvasi laini isiyo na mbao nyuma, akaviringisha, akatia sandukuni, akasafirisha maonyesho mazima hadi vyuo vya mbali. Wataalamu wa sanaa wameandika mengi kuhusu falsafa ya kutumia kitambaa, na mengi ni ya kweli, maana ushonaji ulidharauliwa kama kazi ya wanawake na yeye aliuingiza makumbusho makusudi. Lakini msiniondolee lile sanduku. Mwanamke asiyelazimika kusubiri lori la mtu anaonyesha kazi yake anapotaka.

Mwaka 1980 yeye na mama yake walishona blanketi la kwanza la viraka pamoja, lenye nyuso za watu wa Harlem. Mwaka uliofuata mama akafariki.

Mlango mwingine ulikuwa wa uchapishaji. Alikuwa ameandika habari za maisha yake, akazungusha mswada, hakuna aliyeutaka. Binti yake mkubwa, Michele Wallace, alishatoa kitabu mwaka 1979 na kikazua mjadala nchi nzima, na mama bado anagonga. Basi akaandika hadithi zake kwenye blanketi. Maneno kamili, kwa wino, mstari kwa mstari kwenye vitambaa vilivyoshonwa kando ya picha. Hesabu yake aliieleza mwenyewe: picha ya blanketi ikichapwa kwenye kitabu cha maonyesho, hadithi itakuwa imechapwa nayo. Hahitaji mhariri wala barua ya kukubaliwa.

Blanketi la kwanza la namna hiyo, la mwaka 1983, lilimhusu Aunt Jemima. Huyo alikuwa yule mama mweusi mnene mwenye kilemba aliyetabasamu kwenye boksi la unga wa chapati za maji, sura ya mtumishi wa jikoni asiyechoka wala kununa. Ringgold akamnyang'anya kampuni, akamfanya mfanyabiashara mwenye mgahawa wake, familia yake na ugomvi wake wa urithi. Kampuni yenyewe ilikuja kutangaza kuliondoa jina hilo na ile sura mwaka 2020.

Sisi watu wa pwani tunaposikia kitambaa kina maneno tunatabasamu, tunakijua. Kanga ya bibi yangu mmoja iliandikwa "Japo sipati tamaa sikati", na alikuwa anajua siku ya kuivaa na mlango wa kupita nayo. Lakini tusikimbilie kusema ni kitu kimoja. Jina la kanga ni fupi kwa makusudi, linamrushia jirani mshale na mwenyewe anabaki hana hatia: nimenunua tu, sikuandika mimi. Ringgold hakuwa na haja ya kujificha. Aliandika kurasa nzima akatia sahihi.

Nakubali nina wivu na sahihi hiyo. Mchapishaji mmoja niliyemfanyia kazi, jina lake nalihifadhi, alitoa kitabu chenye jina la mwandishi jaladani na langu kwenye ukurasa wa hakimiliki, chini kabisa, herufi za kusomea tochi. Picha zilikuwa kurasa 32. Maneno ya kitabu kizima yangeenea kwenye ujumbe mmoja wa simu.

Mwaka 1988 alishona *Tar Beach*, blanketi ambalo sasa ni mali ya makumbusho ya Guggenheim. Ni paa la jengo la Harlem wakati wa joto, lile paa lililopakwa lami ambalo watu wasio na nauli ya kwenda ufukweni walilifanya ufuko wao. Watu wazima wanne wanacheza karata mezani. Nguo zimeanikwa kwenye kamba. Watoto wawili wamelala kwenye godoro, na juu, kati ya nyota na taa za daraja la George Washington, yule msichana anaruka. Ni Cassie Louise Lightfoot, na mwaka ni 1939. Mhariri mmoja aliona picha ya blanketi hilo akamwomba alifanye kitabu. Kwa hiyo wachapishaji waliomkataa alipobisha hodi na mswada mkononi walimfuata wenyewe alipouweka mswada kwenye blanketi. Kitabu kilipata heshima ya Caldecott na tuzo ya Coretta Scott King mwaka 1992, zote za vitabu vya watoto, na chini ya kurasa zake umebaki utepe wa vitambaa vya maua kutoka kwenye blanketi.

Watu huniambia ni kitabu kizuri cha kumlaza mtoto. Haya, soma. Baba wa Cassie ni mjenzi wa majengo marefu, alifunga nyaya za daraja lile lile analolipenda mwanawe, na sasa anajenga jengo jipya la chama cha wafanyakazi. Chama chenyewe hakimkubali, kwa sababu baba yake hakuwa mwanachama, na baba yake hangeweza kuwa mwanachama kwa sababu ya rangi. Kazi zikikosekana mama analia majira yote ya baridi. Binti anaamua kwamba ataruka juu ya jengo lile na kulifanya lake, ampe baba. Ataruka juu ya kiwanda cha aiskrimu ili kila usiku wale aiskrimu. Na mama atalala mpaka saa ya kushiba usingizi kama jirani yao Bi. Honey. Ukiitazama orodha hiyo vizuri utaona ni madai ya mgomo, yametoka kwenye mdomo wa mtoto.

Huwa nawasomea watoto wa jirani zetu, natafsiri papo kwa papo. Picha wanazigombania. Ila swali lao kubwa halihusu kuruka. Hilo wanalikubali mara moja kama jambo la kawaida. Wanauliza: kwa nini baba yake Cassie anawajengea watu wasiomtaka? Mmoja, ambaye baba yake ni kibarua wa zege, akawajibu wenzake kabla sijafungua mdomo: kwani angekula nini?

Kwa hiyo nikisikia Ringgold alilainika uzeeni akahamia kwenye vitabu vya watoto, nacheka. Alifuata njia iliyokuwa wazi. *Die* ilikaa miaka 49 bila kununuliwa na makumbusho, *Tar Beach* iliingia madarasani bila kusubiri hivyo. Baada yake alimwandika Harriet Tubman, yule aliyewatorosha watumwa, akamwandika Rosa Parks, yule aliyekataa kumpisha mzungu kiti cha basi, kupitia basi linalozungumza. Kumbukumbu zake zenyewe, zile zilizokataliwa, zilichapishwa mwaka 1995 chini ya jina *We Flew Over the Bridge*.

Wala usidhani umaarufu ulimpa amani. Mwaka 1992 alinunua nyumba Englewood, New Jersey, ng'ambo ya daraja lile la Cassie, akataka kujenga chumba cha kazi. Majirani wazungu wakampinga kwa miaka. Mtaa wenyewe ukiitwa Jones Road, na yeye kwao ni Jones. Alijibu kama kawaida yake: akaanza mfululizo mpya wa picha, *Coming to Jones Road*, wa watumwa wanaotoroka usiku, misitu ya buluu, wanaelekea mtaa huo huo ambao majirani hawakutaka afungue dirisha la studio.

Kuna jambo nimeliruka makusudi, nalo ni yeye na Michele. Mama na binti, wote waandishi, wote wakaidi, waligombana hadharani na kwa maandishi, na Michele ana upande wake ambao haufanani na wa mama. Huo hauingii kwenye aya moja. Nikimaliza kusoma vitabu vya binti nitauandikia makala yake. Kwa sasa, mwenye nakala ya *Tar Beach* isiyochanika jalada na yuko tayari kuiuza aniandikie hapa chini. Yangu imebaki na watoto wa jirani na sioni dalili ya kurudishwa.